Jina la Papa Amisi

Bomba la maji la mtaa wa Saio, mjini Bunia, lilikuwa kavu wiki ya tatu sasa, na watu walichoka kubeba bidoni za maji kutoka mbali. Jumapili wangechagua msimamizi wa maji. Gertrude, mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyeandika majina ya wagombea.

Asubuhi moja kabla ya uchaguzi alikuwa akikaanga samaki wa ziwani, kutoka Kasenyi. Jirani yake Annie, mwalimu wa shule, alifungua daftari la majina.

"Mama Gertrude, jina ya Papa Amisi iko wapi?"

"Nilifuta. Ule iko Mwislamu. Na Katiba inasema inchi yetu iko laïc."

"Laïc ni nini?"

"Aa, mwalimu! Laïc ni siye Bakatoliki benye hatuko bapadiri. Kila Jumapili tunasikia vile mu paroisse."

Annie alicheka mpaka akashika mbavu. Gertrude akanuna.

"Usikasirike, mama. Neno ni moja, lakini mu Katiba iko na maana ingine. Serikali haina dini yake. Haipendelei dini moja, na haikatazi mutu kusali. Mukristo, Mwislamu, hata mwenye hasali, bote beko na haki ya kuchagua na kuchaguliwa."

"Na maombi ya kufungua kikao ya maji? Amisi ataomba namna gani?"

"Mama, tunatafuta mutu wa kuchunga maji. Padiri tuko naye tayari!"

Gertrude alisahau kikaango, samaki wakaanza kuungua. Alikumbuka alivyokimbia vita kule Djugu na watoto wake. Mlango wa kwanza aliofunguliwa Bunia ulikuwa wa Amisi, fundi wa bomba. Aliona haya sana.

Aliliandika tena jina hilo, kwa herufi kubwa, kisha akaenda kwa Amisi na sahani ya samaki.

"Papa Amisi, nilikukosea. Nilifuta jina yako. Unisamehe."

Amisi alitazama sahani mkononi mwa Gertrude. "Nimesamehe. Na hii samaki ya kuungua, ni malipizi ya zambi, yangu ao yako?"

Wote wawili walicheka.

Gertrude alimpigia debe, Amisi akachaguliwa, na bomba likatengenezwa. Siku hizi maji yanatoka kila asubuhi. Wanawake humtania Gertrude, mama wa parokia aliyempigia debe Mwislamu. Yeye huweka bidoni chini na kuwajibu:

"Nilifika hapa na godoro moja ku kichwa. Papa Amisi hakuniuliza tunasaliaka wapi. Aliniuliza tuko bangapi."