Pengo Kwenye Duara

Shangazi yangu si mtu wa kukimbia. Mbwa wakimbwekea, yeye huwauliza wana shida gani. Kwa hiyo yaliyomkuta maabara nayasimulia kama alivyonisimulia, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, jua limewaka, watu wanakunywa chai kwenye korido. Kazi yake ilikuwa kunasa chembe za kalsiamu zenye chaji ya umeme, mojamoja, na kuzipanga duara juu ya chipu ya dhahabu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, kilichokaa katikati ya meza yake. Zikipigwa na mwanga wa leza zinawaka, na kamera inazionyesha kwenye skrini: nukta kumi na tano, kama shanga. Alitaka duara lile lizunguke bila kukwama popote. Miaka mitatu lilikataa. Mkuu wa maabara alishasema kwamba lisipozunguka kabla ya saa sita mchana siku hiyo, chipu inatupwa na mkataba wa shangazi unaishia hapo.

Asubuhi hiyo zilionekana nukta kumi na nne na pengo moja.

Pengo peke yake si ajabu. Chembe ngeni ikiingia haiwaki, lakini nafasi inaishika. Desturi ya maabara ni kumwaga: unakata umeme, zote zinapotea, unanasa upya. Akamwaga. Pengo likarudi. Akamwaga mara tatu zaidi, na mara zote tatu pengo lilirudi na kusimama upande wa kiti chake.

"Ni chaji ya hili sweta," akajisemea. Akalivua. Akahamishia kiti upande wa pili wa meza. Duara likajigeuza taratibu, pengo likamfuata.

Mama Pampu, fundi wa mashine za kunyonya hewa, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia.

"Dada, mwaga uondoke," akanong'ona. "Walioitumia chipu hiyo kabla yako ni wawili. Wa kwanza aliacha koti lake, hajalifuata mpaka leo. Wa pili akikaa popote, lazima mgongo uwe ukutani."

"Wenzangu walikuwa na pa kwenda," shangazi akamjibu. "Mimi sina."

Ikafika saa tano. Akaamua jambo ambalo pale hakuna aliyewahi kulifanya: kutomwaga. Mgeni akikataa kutoka, kazi itaendelea naye akiwa ndani. Akarekebisha volti kidogo kidogo, akaondoa kila kilicholishika duara, mpaka likakosa sababu ya kusimama.

Likaanza kuzunguka.

Pengo likaenda mbali, likarudi. Lilipofika upande wake, shingo ikapata baridi, kana kwamba mtu kafungua friji nyuma yake. Likapita. Baridi ikapita. Likarudi. Baridi ikarudi, karibu zaidi. Ili kipimo kikubalike ilihitajika mizunguko mia moja. Akahesabu. Wa arobaini, pumzi sikioni. Wa sitini, nywele zikasogezwa. Aliogopa. Aliogopa mpaka machozi yakamtoka, na hilo hanifichi. Wa tisini, kitu kikashika kiti chake kwa nyuma. Kikavuta.

Akaing'ang'ania meza kwa mikono miwili.

"Vuta," akasema, meno yamekazana. "Sitoki."

Mia moja. Akabonyeza kuhifadhi, saa sita kasoro dakika mbili. Kiti kikaachiwa ghafla, na paji la uso wake likagonga meza.

Kazi yake ikapona. Wiki mbili baadaye chombo kilifunguliwa, kwa mara ya kwanza tangu kifungwe miaka mitatu nyuma, na chipu ikawekwa chini ya hadubini. Katikati ya duara, kwenye dhahabu, palikuwa na alama ya kiganja kizima na vidole vitano, ndogo kuliko punje ya mchanga. Na haikuwa imebonyezwa. Dhahabu ilikuwa imevimba, imesukumwa kutoka chini.

Mkuu akasema itupwe. Shangazi akaichukua, akairudisha kwenye chombo kwa mikono yake mwenyewe, akasubiri siku kumi hewa inyonywe, akavuta kiti palepale, akawasha. Safari hii Mama Pampu aliingia. Akahesabu kwa kidole kwenye skrini. Nukta kumi na tano, zote zinawaka.

"Ametoka," akanong'ona.

"Basi na aende zake, mlango ule pale," shangazi akasema, bila kugeuka nyuma.