Soksi Katika Tundu la Hewa

Kila asubuhi Festus Mannion alianza siku kwa kupiga magoti mbele ya meko. Alifukua majivu, akatafuta kaa lililo hai, akaliwekea vipande vya mboji. Mboji ni ule udongo mweusi wa kinamasi ambao watu wa kwao Connemara huukata kama matofali, wakaukausha, wakauchoma. Usiku alilifukia kaa tena katika majivu. Moto ule haukuwa umezimika tangu enzi za babu yake, na Festus hakuchoka kuwakumbusha watu.

Nyuma yake mkewe, Attracta, alikohoa.

"Umeamka na kikohozi tena," Festus alisema.

"Sikuamka nacho, Baba Noreen. Nililala nacho."

Mwezi wa Machi binti yao Noreen alikuja kutoka mjini na sanduku jipya la nguo. Akaliweka kitandani, wazi.

"Daktari amesema moshi na unyevu vinamla mama kifua," alisema. "Krismasi nikikuta nyumba hii iko hivi hivi, nampakia nguo zake humu, aje akae kwangu."

"Na mimi?"

"Wewe una moto wako, baba."

 Kesho yake Festus alivaa kofia, akaenda kwa jirani yake Dervla, ambaye kazi yake ni kukagua nyumba zinazopoteza joto.

Dervla alikuja na kijiti cha udi. Alikiwasha, akakipitisha kwenye madirisha na milango. Moshi ulilala upande.

"Moshi ukilala, hapo upepo unapenya," alisema.

Alipofika kwenye tundu la hewa lililotobolewa ukutani, nyuma ya kiti cha Festus, moshi ulisimama wima. Dervla aliingiza vidole tunduni, akavuta. Ikatoka soksi ya kijivu.

Attracta aliitazama. "Kumbe iko huku. Mwenzake ni mjane kwenye droo ya juu mwaka wa nane huu."

"Baridi ilikuwa inaingia," Festus alijitetea. "Nyumba zote hapa zimeziba tundu hilo. Muulize baba yako."

"Baba yangu aliziba kwa fulana, nikaitoa. Mzee Festus, moto unahitaji hewa. Ukiziba tundu, moshi unarudi chumbani, na pamoja nao hewa ya sumu isiyo na harufu. Hiyo inaua watu wakiwa wamekaa. Na mvuke wa birika na wa nguo mbichi haupati pa kutokea. Unaganda ukutani, unakuwa kuvu."

"Na nikizibua?"

"Baridi itaingia. Na joto lako jingi linapaa na dohani. Moto huu unakupa kwa mkono mmoja, unakunyang'anya kwa mwingine."

Festus aliichukua soksi yake. "Basi ninunue ile pampu ya joto, mashine ya matajiri?"

"Hapana. Kuweka pampu ya joto sasa ni kutia maji katika pakacha. Kwanza dari, kwa sababu joto hupanda. Tandikeni sufu nene darini. Zibeni nyufa za milango na madirisha, ila tundu la hewa liacheni. Pampu ije mwisho, ishike nafasi ya moto. Inachota joto katika hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kulipeleka kwenye vyuma vya ukutani. Inatumia umeme, haitoi moshi."

"Na pesa?"

"Mnapokea posho ya kuni ya serikali, siyo? Wenye posho hiyo wana msaada wao wa kutengenezewa nyumba. Ila msinunue hata msumari kabla hamjaandikiwa kibali. Ukitangulia kununua, msaada umeupoteza. Foleni ni ndefu, kwa hiyo fomu tunajaza leo, chai haijapoa."

Mafundi wa dari walikuja Julai. Pampu ilikuja Oktoba, na sehemu ambayo msaada haukuifikia Festus aliilipa kwa kuuza ndama wawili. Siku dohani ilipozibwa, kaa lilizimika. Festus alishinda zizini, akasema ng'ombe anaumwa. Ng'ombe alikuwa mzima.

Desemba ikaingia na barafu. Nyumba ilikuwa baridi mpaka adhuhuri. Attracta alikunywa chai amevaa koti, na kikohozi kilichokuwa kimepungua kikarudi. Zilibaki siku kumi kabla ya Krismasi. Festus alimpigia Dervla simu.

"Njoo uchukue friji lako," alisema.

Dervla alikuja, akagusa vyuma vya ukutani, akatazama vitufe vya pampu.

"Usiku mnaizima?"

"Bila shaka," Festus alijibu. "Asubuhi naiwasha kwa nguvu zote. Mtu gani mwenye akili analala na kuacha moto unawaka?"

"Wewe," alisema Attracta. "Nimekaa na wewe miaka arobaini, na kabla ya pampu hii sikuwahi kukuona ukilala bila kaa hai katika majivu."



"Pampu ni kaa lako, mzee," Dervla alisema. "Inapasha polepole, usiku na mchana. Ukiizima, kuta hizi za mawe zinapoa. Asubuhi inahangaika kuzipasha upya, inakula umeme mwingi bure. Iache iende taratibu, usiiguse."

"Kwa hiyo ni kaa."

"Ni kaa."

"Mngeniambia hivyo Oktoba."

Siku ya tatu kuta zilianza kupata joto. Siku ya saba Attracta alivua koti, akafungua kabati, akakuta nguo zake kavu, hazinuki kuvu. Alilala usiku kucha bila kukohoa, na Festus ndiye aliyeamka mara mbili kusikiliza kama anapumua.

Mkesha wa Krismasi Noreen alifika. Hakuketi. Alipitisha kiganja ukutani, akanusa kabati, akamtazama mama yake akikanda mkate huku akiimba beti mbili nzima bila kukatika pumzi.

"Sanduku liko wapi?" aliuliza.

"Mekoni," Festus alijibu.

Kweli, lilisimama katika meko tupu, limefungwa. Noreen alilinyanyua. Lilikuwa jepesi mno. Akalifungua, akakuta jozi moja ya soksi za kijivu, zimefuliwa na kukunjwa pamoja.

"Hizo ndizo zinazohamia mjini," alisema Attracta. "Hapa, baba yako atazitafutia tundu."