Adapta Moja, Mabondia Kumi na Wawili

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hata dakika inajulikana, kwa sababu saa ya umeme ya koridoni ilisimama palepale.

Timu ya ngumi ya watoto ilikuwa na siku ya tatu katika nchi ya watu. Kila asubuhi ilianza vilevile: kocha anapuliza filimbi, watoto wanakimbia kulizunguka bweni, kisha wanajipanga koridoni kuchaji simu. Soketi za huko zilikuwa na matundu mawili ya mviringo, na chaja zao zilikuwa na pini tatu bapa. Bila adapta, ni kama kumpitisha punda kwenye tundu la panya. Na adapta ilikuwa moja tu, imechomekwa waya wa ekstensheni ili watoto wapokezane. Kiongozi wa msafara alikumbuka kuja na mkewe, shemeji yake na suti nne. Adapta za watoto alizisahau. Yeye alilala hoteli ya ng'ambo ya barabara, simu yake imeshiba mchana na usiku.

Siku hiyo Nyundo, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliamka kabla ya filimbi. Jana yake mazoezini alikosea pigo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeumuka kama unga wa mkate. Kocha akiuona tu, kwaheri pambano. Nyundo akatoa begini hita, ile koili ya kuchemshia maji ndooni aliyofungashiwa na bibi yake, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaichomeka kwenye ekstensheni, pembeni ya chaja ya mwenzake Kobe. Akaondoka kutafuta chumvi, akipanga kuuchua mkono kwa maji ya moto.

Paa!

Cheche zikaruka, moto ukapanda pazia. Mlinzi akauzima kwa blanketi huku akikohoa. Katika moshi ule, Nyundo alirudi mbio, akachomoa hita, akakimbia nayo chumbani na kuisukuma, pamoja na ndoo, chini ya kitanda chake. Ukutani ikabaki ekstensheni iliyoyeyuka na chaja moja.

Kiongozi alivuka barabara shati nje. "Chaja ya nani hii?"

"Yangu, mzee," alijibu Kobe, mvulana mdogo kuliko wote, mzito wa maneno.

Kofi lilimtupa ukutani kabla hajamaliza kufumba mdomo. Kiongozi aliung'oa ule waya ulioungua, akaukunja mara mbili, akaushusha mgongoni mwa Kobe. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu shati lilichanika.

"Sijafanya kitu, mzee! Nilichaji simu tu!"

"Unanijibu? Leo hii unarudi kwenu!"

Watoto wenzake Kobe nao wakaingia, maana mkubwa akionyesha njia, wadogo hawapotei. "Umetuunguzia adapta yetu!" Mmoja akampiga ngumi ya mdomo, mwingine teke la mbavu. Damu ikadondoka kwenye vigae. Kobe alijikunja, kichwa tumboni.

Nyundo alisimama mlangoni, mkono ameuficha kwenye taulo. Amepigana tangu ana miaka minane, damu haimtishi. Lakini ulingoni kuna glovu, kuna refa, kuna kengele. Hapa alisubiri kengele ilie, na haikulia. Aliwaza pambano lake, mwaka mzima wa kukimbia na kuruka kamba. Waya ukashuka tena, na Kobe safari hii hakulia. Ukimya ule ndio uliomsukuma.

Alijitupa katikati. Waya ukamchapa shavuni.

"Ni mimi! Hita ni yangu! Iko chini ya kitanda!"

Kiongozi aliuinua waya upya, lakini kocha, aliyekuwa ametoka mbio getini, aliudaka mkono wake hewani.

"Ukiushusha tena, mheshimiwa, nitasahau kwamba unanizidi cheo."

Nyumbani kocha alikuwa fundi umeme. Aliokota kile kipande cheusi kilichokuwa adapta, akachuchumaa mbele ya watoto.

"Tazameni. Adapta hubadilisha umbo la pini tu, haiongezi nguvu za kubeba mzigo. Hii ndogo ni ya simu. Hita ni gunia la saruji kwenye mgongo wa mtoto. Ukiwa ugenini, soma kilichoandikwa kwenye kifaa, na uulize kabla hujachomeka." Akamgeukia Nyundo. "Hukujua, na asiyejua hufundishwa. Lakini ulinyamaza mwenzako akiumizwa kwa kosa lako. Moto wa pazia ulizimwa kwa blanketi. Huo mwingine umeuzima mwenyewe, ila umechelewa. Ukweli hausubiri damu."

Nyundo alipiga magoti. "Nisamehe, mdogo wangu."

Kobe alipangusa mdomo. "Dada, ungechelewa kidogo tu ungekuta gamba tupu."

Walicheka, wale waliompiga wakiwa wameinamisha vichwa, kisha mmoja mmoja wakamwomba radhi. Mkono wa Nyundo ulifungwa bandeji na jina lake likafutwa kwenye orodha ya mapambano. Hakubishana. Mchana alikwenda ukumbini kumbebea Kobe maji na taulo. Kiongozi alikuwa amekaa safu ya mbele, suti ya tatu, akipiga picha kwa simu iliyoshiba.

Kabla ya pambano, daktari wa mashindano alimwambia Kobe avue fulana. Akaitazama ile michirizi mgongoni, bado ina unyevu. Akahesabu kwa kidole, minne. Akawageukia wote waliokuwepo.

"Huyu mtoto hajapanda ulingoni bado," alisema. "Nani kampiga hivi?"

Nyundo alimtazama kocha, kocha akamtazama kiongozi. Kiongozi alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.