Anayekuja Nyuma

Lionel Pargeter alilishikilia lango muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkewe, Beryl, alikuwa ameshapita na kuanza kushuka shambani. Alipogeuka alimwona mzee bado amesimama palepale, mkono juu ya ubao, akimtabasamia mtu ambaye yeye Beryl hakumwona.

"Unamngoja nani?"

"Yule bwana wa koti refu. Nimemsalimia, hakujibu." Lionel akafunga lango, amekunja uso kidogo. "Sijui watu siku hizi wana nini."

Kunyimwa salamu kulimuudhi. Kwao Shropshire, mashambani Uingereza, watu wanaweza kuishi ukuta kwa ukuta bila kujuana majina, lakini wakikutana kwenye njia ya shambani lazima wasalimiane, na anayetangulia langoni lazima amshikie anayefuata. Uungwana ni vitendo, na Lionel alikuwa mwungwana mpaka kero. Kwenye lango la kanisani, lile jembamba la kupita mmoja mmoja ambalo wenyewe huliita lango la busu, hakumwachia Beryl apite mpaka alipe busu lake. Tangu ujana wao hajawahi kumsamehe hata siku moja.

Kiangazi kile Lionel alikuwa amepasuliwa kifua kwa ajili ya moyo. Daktari alimwambia atembee, basi kila Jumapili walizunguka: kutoka nyumbani, mashambani, kanisani, kisha uchochoro wa nyuma hadi nyumbani tena. Oktoba ilikuwa imeingia, majani yanapukutika. Wengine husikiliza ndege; Beryl alisikiliza pumzi za mumewe. Hofu yake ilikuwa moja tu, kubaki peke yake katika nyumba ile.

Lango la pili Lionel akalishika vilevile. La tatu, Beryl mwenyewe akasikia buti zikikwaruza majani nyuma yao. Wakisimama, nazo zinasimama. Harufu ikamjia, ya udongo mbichi wa shimo lililochimbwa siku hiyo hiyo.

Walisimama kupumzika kwa Bi Tranter, mjane mfugaji ambaye zizi lake liko kando ya njia. Mama yule aliwatazama wao, kisha akatazama nyuma yao, akaiweka ndoo yake chini taratibu.

"Nani amemfungulia huyo?" akauliza kwa sauti ya chini.

Akawaeleza haraka haraka. Zamani njia ile ilikuwa ya kupelekea maiti kanisani, na maiti mmoja alitupwa njiani usiku wa baridi, wabebaji wakakimbilia kuota moto makwao. Tangu hapo kuna kitu kimevaa umbo lake, na kinaweza kuvaa la mtu mwingine. Hakiwezi kufungua lango lililofungwa, hata kama halina komeo, kinangoja mwungwana. Ndiyo maana wenyeji, majani yakianza kuanguka, hupita na kubamiza malango bila kutazama nyuma. Kikifunguliwa mpaka ndani ya nyumba, kinakaa, na mmoja wa wenye nyumba anabaki nje mahali pake.

"Mkifika kwenu mfungieni nje, aite asiite," Bi Tranter alisema. "Na wewe Lionel, leo kuwa mshenzi kidogo. Hakuna atakayekusema."

Lionel alijaribu kucheka. Beryl akamshika mkono wakaondoka.

Chini ya mti mkubwa wa mwaloni ukungu uliwafunika. Beryl aliteleza kwenye majani mabichi, mkono wa Lionel ukamponyoka, akapapasa, akaupata tena. Ulikuwa wa baridi sana, akalaumu ukungu. Kwenye lango la busu alifungua mwenyewe, akamsukuma apite kwanza. Alipita bila neno, wala hakudai kitu. Beryl akaona ni hofu, maana hata yeye hakuwa na hamu ya busu saa ile. Akalibamiza lango.

Hawakufika mbali, nyuma yao lango lile likalia, likafunguka, na hatua zikaanza kuja mbio, hatua za mtu asiyeweza kukimbia.

"Beryl! Nisubiri!"

Hakugeuka. Alimkokota mzee wake uchochoroni, machozi yanamtoka, akafungua lango la nyumbani, akamtanguliza ndani, akalifunga na kuliegemea kwa uzito wake wote, na huko nje mtu akaja akasukuma, akasukuma tena, na sauti ya Lionel, sauti aliyoamka nayo maisha yake yote, ikasema ni mimi, mama, fungua, kifua changu, kifua, naye Beryl akauma midomo akashikilia, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo akashikilia, mpaka sauti ikageuka kikohozi, kikapungua, kikakatika, pakawa kimya.

"Kimekwenda," alinong'ona.

Mzee wake alikuwa ameshafika kibarazani, anangoja. Beryl akatoa ufunguo, akafungua mlango, akampisha. Aliingia na buti zake zenye tope, hakugeuka, akauachia mlango ukajifunga kwa kishindo mbele ya uso wa Beryl.

Lionel hajawahi kumwachia Beryl mlango usoni.

Alisimama pale, ile harufu ya udongo ikitokea chini ya mlango wake mwenyewe, akaukumbuka mlio wa lango la busu. Kitu kile hakiwezi kufungua lango lililofungwa; lile lilifunguliwa na mkono wa mtu.

Akageuka pole pole kutazama lango lake. Juu ya ubao vidole vinne vilikuwa vimeshika kwa nje, havitikisiki, na kwenye kimoja kulikuwa na pete ambayo yeye mwenyewe alimvisha Lionel.