Kadi Yenye Mstari Mtupu

Kila alasiri akirudi shule, Chiriku alibadilisha sare, akala, kisha akaketi na shangazi yake kwenye meza ndefu yenye boksi la viatu lililojaa kadi.

Jina la Chiriku alipewa zamani, alipokuwa mtoto wa maneno mengi. Tangu mama yake aende kufanya kazi mbali, huu ukiwa mwaka wa pili, maneno yalikuwa yamekwisha, jina likabaki. Nyumbani walikuwa wawili tu, na saa ya ukutani.

Shangazi alifundisha Kigiriki miaka mingi katika chuo cha wachungaji. Sasa alikuwa akitunga kitabu cha maneno ya Biblia, lakini macho yake yameingia ukungu. Basi yeye alisema, Chiriku akaandika. Kila neno lilikuwa na kadi yake, na kila kadi mistari mitatu: maana, mahali neno linapopatikana, na asili yake.

Siku hiyo walifikia kitenzi homeiromai. Shangazi alieleza taratibu kwamba maana yake ni kumwonea mtu shauku, moyo ukikuvuta kwake. Katika Agano Jipya kipo mara moja tu, Paulo anapowaandikia Wathesalonike. Kalamu ya Chiriku ilisitasita. Jambo lenyewe alilijua sana. Hakujua tu kwamba lina neno.

"Na asili?" akauliza.

"Hapo acha wazi."

Kesho yake shangazi alikwenda kliniki ya macho, na mchapaji wa kitabu akaja kuchukua boksi la kadi zilizokuwa tayari. Alikuwa mtu wa mzaha. Akapekua kadi, akakuta mstari mtupu.

"Hii imeng'oka jino," akasema. "Au shangazi yako kazeeka, anasahau?"

Chiriku aliumia shangazi yake kuchekwa. Mchapaji alipokuwa akinywa maji aliyoletewa, Chiriku alichukua kalamu akajaza: Lilianza kwa mama aliyemwita mwanawe kutoka mbali. Mchapaji akasoma, akaridhika, akaondoka na boksi.

Jioni, wakila, shangazi alisema kuwa kadi ile yenye mstari mtupu aliipenda kuliko zote. Wataalamu wamelitafuta chimbuko la kitenzi hicho. Wengine wamekisia, wengine wamepinga, na hakuna ajuaye. Kimeonekana pia kwenye jiwe la kaburi la kale, ambapo wazazi walimlilia mtoto wao.

"Wanafunzi watakariri kila kitu kilicho chini ya jina langu," akasema. "Wakiona nimeacha wazi, watajua kwamba mahali pengine popote sikuwadanganya."

Chiriku akalirudisha tonge sahanini. Saa ya ukutani ikasikika kama inagonga ndani ya kifua chake.

"Shangazi, si wazi tena," akasema, akaeleza yote.

Shangazi alisukuma sahani kando, akasema kesho wataenda kwa mchapaji. Hakumfokea, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Asubuhi walikwenda wameshikana mikono hadi kwa mchapaji. Ukurasa ulikuwa umekwisha kupangwa, mashine inapakwa wino. Chiriku alisema mwenyewe: "Yale maneno niliyatunga. Shangazi hakusahau. Hakuna anayejua."

Safari hii mchapaji hakucheka. Akauondoa ukurasa, akampa Chiriku kadi safi na kalamu. Chiriku akaiandika upya bila uongo wake, akaacha mstari mtupu.

Njiani shangazi alimuuliza kwa nini aliandika habari za mama.

"Kwa sababu najua linavyouma."

Shangazi akasimama. "Hiyo ndiyo maana yake, mwanangu, na hapo hukukosea. Asili yake hatuijui, wewe wala mimi. Kusema sijui hakumshushi mtu. Ukijaza usichokijua, mwenzako ataamini uongo kwa sababu amekuamini wewe."

Walipofika nyumbani akatoa kadi mpya kwenye boksi jingine.

"Hii mwandikie mama yako," akasema. "Hapa jaza yote unayoyajua."

Chiriku aliandika upande mmoja mpaka ukajaa, akageuza, kisha akaomba kadi ya pili.