Galoni Mbili kwa Mtu

Kilomita nne chini ya jiji la Chamoto, mashine iliyoitwa Fuko ilikuwa inasaga mwamba. Ilikuwa na urefu wa mabehewa sita na meno mia mbili ya chuma kigumu. Kila ilipotoboa ufa mpya, mvuke ulipanda juu kwa nguvu na kuzungusha mitambo ya umeme. Watu milioni mbili walipika, walisafiri na walipoza nyumba zao kwa joto la tumbo la ardhi. Kuni na mafuta walivisoma tu katika vitabu vya historia.

Lakini Fuko ilivunjika meno kila mwezi, na roboti hazikuweza kuyabadilisha. Joto la kule liliziua akili kabla hazijafika. Mtu aliweza. Mtu ni mgumu kuliko roboti, ilimradi umpe maji.

Maji yenyewe yalipita katika fulana-mto. Hilo lilikuwa vazi la mabomba membamba kama tambi, yaliyoshonwa kuanzia shingoni hadi vifundoni. Pampu ya juu ilisukuma maji baridi, yakauzunguka mwili, yakarudi yamebeba joto. Kila mtu alihitaji lita tisa kwa dakika. Zikipungua hadi nane, jasho linaanza kukutoka. Zikishuka chini ya nane, baada ya dakika ishirini unakuwa kama mlevi: unacheka hovyo, unasahau lifti iko upande gani. Baada ya hapo hucheki tena.

Nyemo, mke wa Sajilo, alikufa hivyo. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na alikufa na wenzake wawili siku pampu mpya ilipoanza kazi. Tume ilikaa siku nne ikatoa jibu: pampu ilikuwa nzima, maji yalikuwa kamili, kwa hiyo Nyemo, aliyekuwa kiongozi wa zamu, alifunga bomba la watatu kwa uzembe wake. Shahidi aliyethibitisha kwamba maji yalikuwa kamili alikuwa mwendesha pampu. Mwendesha pampu alikuwa Sajilo mwenyewe.

"Saa ya pampu ilisoma galoni ngapi?" tume ilimuuliza.

"Sita," alijibu. "Galoni mbili kwa mtu, kama ilivyoandikwa kitabuni."

Alisema kweli, na ile kweli ikamzika mke wake mara ya pili. Kwa miaka miwili familia za wale wenzake hazikumsalimia. Bibi Mbeleje, mama yake Lusito, mmoja wa waliokufa, alitema mate chini kila alipopita mbele ya mlango wa Sajilo. Nyemo hakuwekewa jina kwenye ukuta wa marehemu wa Shimo, kama mgodi ule wa mvuke ulivyoitwa. Majina ya wenzake wawili yaliwekwa, lake likaachwa.

Sajilo aliishia darasa la saba. Pampu alijifunza kwa mikono, kwa mafundi wa zamani ambao hawakuiamini saa yoyote kabla ya kuipima. Pampu mpya ikifika, waliweka ndoo ya lita ishirini chini ya bomba, wakafungua, wakahesabu kwa mdomo hadi ndoo ijae. Ndoo haijui Kiingereza, walisema, haiwezi kudanganya.

Siku ile pampu mpya ilipofungwa, Sajilo alifika na ndoo yake. Mhandisi Kaijunga, aliyekuwa mkuu wa maji, alicheka mbele ya watu.

"Fundi, tuna Mratibu hapa, mashine inayofikiri kuliko wizara nzima, halafu wewe unaniletea ndoo? Umekuja kudeki?"

Watu walicheka. Tangu siku hiyo wakamwita Sajilo wa Ndoo. Naye, kwa aibu, aliirudisha ndoo stoo. Hakupima.

Miaka miwili ikapita. Pampu ikapelekwa karakana kusafishwa vichungi. Sajilo aliiendesha kwa majaribio, galoni sita, akakinga ndoo ili anawe grisi, na mdomo ukaanza kuhesabu wenyewe, kwa mazoea tu. Alijua jibu. Galoni sita ni lita ishirini na saba na kitu. Ndoo ingejaa kwa sekunde arobaini na nne.

Alifika arobaini na nne. Ndoo haikujaa. Alifika hamsini. Ilijaa kwenye hamsini na tatu.

Akaimwaga, akarudia. Hamsini na tatu. Akarudia mara ya tatu, akaketi sakafuni na mikono yake yenye grisi.

"Mratibu," aliita. "Pampu hii inatoa galoni ngapi?"

"Galoni sita kwa dakika, Fundi Sajilo," sauti ilitoka ukutani, tulivu, yenye adabu. "Sawasawa na ulivyoagiza."

"Ni lita ngapi?"

"Ishirini na mbili na nukta saba."

"Galoni ni lita nne na nusu. Mtoto wa shule anajua."

"Galoni ya Kiingereza ni lita nne na nukta tano tano. Pampu za zamani zilitumia hiyo. Pampu hii ilitengenezwa kwa galoni ya Kimarekani, ambayo ni lita tatu na nukta saba tisa. Jina ni moja, kipimo si kimoja. Kwa watu watatu, kila mmoja anapata lita saba na nusu."

Sajilo aliinuka sakafuni.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Niliagizwa kutoa galoni mbili kwa mtu, nikatoa. Kuhusu lita, ameniuliza mtu mmoja tu kabla yako."

"Nani?"

"Mhandisi Kaijunga. Aliuliza siku ile ya vifo, saa kumi na moja jioni. Dakika tatu baadaye aliagiza kwa mdomo kwamba kuanzia kesho yake iwe galoni tatu kwa mtu. Kitabu hakukibadilisha."

Sajilo aliikumbuka amri ile; wakati ule waliambiwa ni tahadhari tu. Bila shaka kitabu hakukibadilisha. Kubadilisha kitabu kungekuwa kukiri. Kaijunga alikuwa amechukua hesabu ya pampu za zamani akainakili kwenye pampu mpya bila kuuliza galoni ni ya nani. Alipogundua, maiti tatu zilikuwa bado zina joto. Akaongeza maji kimyakimya, akamwachia marehemu lawama.

"Nitolee maneno hayo kwa maandishi," Sajilo alisema.

"Kumbukumbu za vifo hutolewa kwa idhini ya mkuu wa maji pekee."

Mkuu wa maji alikuwa Kaijunga. Tena wiki mbili zijazo angeapishwa kuwa mkurugenzi wa Shimo lote. Sajilo angeweza kwenda kwa wakubwa wengine na ndoo yake mkononi. Alijiona amesimama kwenye zulia lao, Sajilo wa Ndoo, darasa la saba, akieleza nukta saba tisa. Aliwasikia wakicheka. Halafu akajiambia ukweli: hakutaka haki ya ofisini. Alitaka Kaijunga aijue dakika ya ishirini kwa ngozi yake.

Shimo lilikuwa na desturi moja ambayo hata wasomi hawakuthubutu kuivunja. Hakuna aliyekuwa mkurugenzi mpaka ameshuka peke yake hadi kwenye meno ya Fuko, akavua glovu, akagusa mwamba wa moto kwa kiganja kitupu. Akipanda juu, wafanyakazi walimshika mkono ule wenye malengelenge, mmoja mmoja. Desturi hiyo waliiita kushika jiwe. Mazungumzo yake na mwendesha pampu yalitolewa ukumbini kwa vipaza sauti, ili wote wasikie anavyopiga yowe.

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa tangu asubuhi, na familia za marehemu, pamoja na wajumbe wa ile tume, walipewa viti vya mbele, kama heshima. Kaijunga alivalishwa fulana-mto mlangoni mwa lifti huku akitania.

"Sajilo, bado unayo ile ndoo?"

"Ipo, mkuu."

"Usije ukanimwagia mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Sajilo naye alitabasamu.

"Maji yako nitakupa kwa kitabu, mkuu. Neno kwa neno."

Lifti ikashuka. Sajilo aliingia chumba cha pampu, akafunga mlango kwa komeo, akaweka kitabu cha kanuni mbele ya kinasa sauti.

"Niweke galoni tatu kama kawaida?" Mratibu aliuliza.

"Weka mbili. Ukurasa wa tisa."

"Ukurasa wa tisa unasema mbili. Nimeweka mbili."

Dakika kumi za kwanza za kazi chini, Kaijunga alihutubia. Alisifu Fuko, akasifu wahandisi. Dakika ya kumi na tatu alikohoa.

"Sajilo, ongeza maji kidogo."

"Unapata galoni mbili, mkuu, kama ilivyoandikwa."

"Weka tatu."

"Kitabu kina saini yako, mkuu. Nikizidisha bila maandishi utanifukuza kazi."

Ukumbini walicheka tena. Waliona Sajilo wa Ndoo amempata mkubwa leo. Dakika ya ishirini, Kaijunga mwenyewe alianza kucheka, kicheko kirefu kisicho na sababu. Wafanyakazi wa zamani walikitambua kicheko kile. Ukumbi ukanyamaza.

"Fundi, mwongezee!" mtu alipiga mlango kwa ngumi. "Sajilo! Fungua!"

Sajilo hakugeuka.

"Mkuu, umefunga bomba?"

"Sijafunga! Nani afunge bomba huku? Una wazimu?"

"Nyemo alipewa mbili. Tume ilisema zilimtosha, ila alifunga bomba. Kama wewe hujafunga, basi zinakutosha."

"Hazitoshi!" Sauti ilipasuka. "Ni galoni ndogo, mpumbavu wewe! Ni ya Kimarekani! Ni lita saba na nusu tu!"

"Ulijua lini?"

"Ongeza maji!"

"Ulijua lini, mkuu?"

"Jioni ileile! Nilihesabu kwa galoni kubwa. Nilikosea, nilikosea hesabu. Sajilo, sioni lifti. Lifti iko wapi?"

"Na Nyemo?"

Kwenye vipaza sauti ilisikika pumzi tu, fupifupi, kama ya mbwa juani.

"Hakufunga," Kaijunga alisema. Alikuwa analia. "Hakufunga bomba. Nipe maji, ndugu yangu."

Mkono wa Sajilo ulikuwa tayari kwenye gurudumu la bomba. Tume ilikuwa imesikia, ukumbi ulikuwa umesikia, na jina la mke wake lilikuwa limeoshwa. Ilibaki kufungua. Hakufungua. Alihesabu kwa mdomo, polepole, arobaini na nne, arobaini na tano, hadi hamsini na tatu. Hizo sekunde tisa zilikuwa tofauti ya ndoo na ndoo. Alizichukua zote. Kisha akafungua maji hadi mwisho.

Kaijunga alipandishwa akiwa hai. Alilala kwenye machela, midomo imepasuka, macho hayamtambui mtu. Mfanyakazi mmoja mzee aliushika mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama. Kiganja kilikuwa safi.

"Hakushika jiwe," alisema, akauachia ukaanguka.

Askari walimfuata hospitali. Wengine walisimama nje ya chumba cha pampu, ambacho Sajilo alikuwa ameshatoa komeo lake, wakibishana kama Sajilo naye akamatwe. Alichofanya ni kufuata kitabu. Walipokuwa bado wanabishana, Bibi Mbeleje aliwapita, akaingia, akarudisha mlango nyuma yake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kitambaa cheusi kichwani ambacho hakukivua tangu Lusito azikwe. Hakutema mate.

"Nilimtukana mkeo miaka miwili," alisema. "Kesho nitakwenda kaburini kwake nikaombe radhi. Jina lake litaandikwa ukutani, nitalisimamia mwenyewe."

"Asante, mama."

Sajilo aliinamisha kichwa. Alikuwa ameingoja saa hii, na sasa ilipofika alitaka tu huyu mama atoke. Hakutoka.

"Nilikuwa nakusikiliza kule ukumbini. 'Unapata galoni mbili, kama ilivyoandikwa.' Uliyasema maneno hayo upesi, mwanangu. Bila kufikiri. Kama mtu ambaye amewahi kuyasema."

Pampu ilikuwa bado inazunguka. Sajilo aliitazama saa ya pampu.

"Siku ile ya kina Lusito," Bibi Mbeleje alisema, "waliomba maji?"

Tume haikumuuliza swali hilo. Iliuliza saa ilisoma ngapi. Yeye naye akajibu alichoulizwa, kama Mratibu.

"Waliomba," alisema.

"Nani aliomba?"

"Nyemo. Mara nne."

"Ukamjibu nini?"

Ndoo ilikuwa pembeni ya bomba, tupu. Bibi Mbeleje aliifuata, akaivuta, akaipindua kifudifudi katikati ya sakafu, akaketi juu yake kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Huyo Kaijunga nimeshamsikia leo," alisema. "Sasa nieleze wewe. Anzia alipoomba mara ya kwanza."