Evodie na Mashine ya Mwangwi

Kila Jumamosi ya likizo, baada ya kufagia uwanja na kuosha vyombo, Evodie alikwenda parokiani kuimba. Kwaya yao ilikuwa na waimbaji wanane na kiburi cha waimbaji themanini. Jumamosi hii hakuna aliyechelewa, muujiza ambao padri alistahili kuarifiwa.

Sababu ilikuwa mezani: mashine nyeusi, ndogo kama tofali, iliyovuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma. Kazi yake ni kuipa sauti mwangwi, ili watu wanane waliojifungia katika chumba kilichotundikwa mablanketi wasikike kama wako ndani ya kanisa kubwa. Redio ya mjini iliahidi kupiga wimbo wao kesho Jumapili, mradi ufike leo kabla ya saa sita mchana. Wakichelewa, nafasi ingekwenda kwa kwaya ya ng'ambo ya mto Lukuga, ambayo tayari ilikuwa ikijisifu sokoni.

"Evodie, wewe unasoma internat, shule ya bweni, kule Kongolo," alisema Mama Hortense, mwalimu wa kwaya. "Nilikupa kitabu cha maelekezo ya mashine. Umekisoma?"

"Chote, Mama," alijibu Evodie kwa sauti ya askofu.

Ukweli ni kwamba alikuwa amesoma jalada. Lilikuwa jalada zuri sana.

Alichomeka waya huku na huku, akawasha umeme. Kisha akafanya kile ambacho kila nyumba ya mtaani kwao hufanya ikinunua redio mpya: alizungusha vifundo vyote, vya mashine na vya miksa, lile sanduku la kuchanganyia sauti, hadi mwisho, ili majirani wajue.

"Imbeni!"

Waliimba. Taa nyekundu ikawaka. "Aleluya" ikatoka kwenye spika, ikarudi, ikakutana na ndugu zake mlangoni, luya-luya-luya, kisha ukafuata mlio mkali uliowatimua mbuzi wote wa padri.

Jovial, mpiga ngoma, alianguka kwenye kiti kwa kicheko. "Fundi wetu! Umetuletea kwaya ama treni?"

"Nyamaza, Jovial. Mashine bado inazoea hewa ya Kalemie."

Mama Hortense hakucheka. Aliitazama saa ya ukutani. "Saa tano inakaribia. Evodie, mutoto wangu, shida ni nini?"

Evodie angeweza kuisingizia mashine, au boti, au Kigoma yote. Kigoma ilikuwa mbali, isingejitetea. Lakini aliwatazama wenzake, waliovaa nguo za sikukuu ingawa redioni hakuna anayeona nguo, akaona haya.

"Mama, sikusoma. Nilisema uongo. Sijui kuitumia."

Jovial alifungua mdomo. Mama Hortense akainua kidole, mdomo ukafungwa.

"Sasa tuna pa kuanzia," alisema Mama. "Kaa, usome. Tunakungoja."

Evodie alisoma, safari hii ndani ya jalada. Akazima kila kitu. Akahakikisha waya wa kutoka kwenye miksa unaingia kwenye mashine, na wa pili unarudisha sauti kwenye miksa. Hapo akagundua kosa: kwa kufungua kila kifundo, alikuwa akiipeleka sauti ileile kwenye mashine tena na tena, ikizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Akashusha vifundo vyote hadi chini, ndipo akawasha.

"Kitabu kinasema tujaribu sauti moja kwanza. Jovial, wewe mwenye kelele nyingi."

Jovial aliimba. Evodie akapandisha polepole hadi taa ya kijani ikawaka. Nyekundu ilipochungulia, akashusha. Kisha mwangwi, kidogo tu. Sauti ya Jovial, ambayo nyumbani hufukuza kuku, ikatanda chumbani kwa utukufu. Mwenyewe aligeuka kutazama nyuma.

"Huyo ni nani?"

"Njo wewe, ni wewe mwenyewe," alisema Evodie. "Mashine ina huruma."

Walirekodi wimbo wote kwenye flashi. Mwishoni Mama Hortense alishindwa kujizuia, akapiga vigelegele, na mwangwi ukavifanya kuwa vya akina mama wa mtaa mzima. Wakaviacha humohumo. Jovial aliupeleka wimbo redioni kwa pikipiki, akafika kabla ya saa sita.

Jumapili, wimbo ulipomalizika redioni, uwanja wa parokia ulilipuka kwa shangwe. Evodie akanyoosha shingo.

"Mama, sasa mimi ni fundi?"

"Bado," alicheka Mama Hortense, akimkumbatia. "Jana ulipojifanya unajua, hakuna aliyeweza kukusaidia. Uliposema 'sijui', sote tulikungoja, ukajifunza. Ufundi huanzia hapo, na ukweli pia."